Jua la saa sita mchana liko upande gani? Kutafuta mwelekeo bila dira kwa sisi tunaoishi jirani na ikweta

Julai mwaka juzi mpwa wangu alikuja kunitembelea Tandahimba kutoka Dar es Salaam. Ni kijana wa miaka kumi na tisa, hodari, mwenye hamu ya kujua kila kitu. Siku ya tatu akaomba awapelekee chakula vijana waliokuwa wakipuliza salfa kwenye mikorosho. Kwenda hakukuwa na shida. Kurudi ndiko kulikomponza. Shamba la mikorosho, kwa asiyelizoea, ni kama nyumba yenye vyumba elfu vinavyofanana: kila mti umetandaza matawi hadi karibu na ardhi, kila uchochoro umefagiliwa vilevile, na ukigeuka mara mbili hujui tena ulikotokea. Simu ilikuwa imeisha chaji. Akakumbuka video aliyowahi kutumiwa: saa sita mchana, jua huwa kusini. Alijua kwamba nyumbani ni kusini mwa shamba. Akatazama juu, akalifuata jua.

Tulimpata saa kumi alasiri kijiji cha tatu, upande wa kaskazini, midomo imekauka na kapu la vyombo bado liko begani. “Mjomba, nimefuata kusini njia nzima,” aliniambia, na machozi yalikuwa karibu. Sikumlaumu. Kijana alifuata kanuni ya kweli, ila ni kanuni ya nchi nyingine.

Nimeona video na jumbe za namna hiyo zikizunguka kwenye makundi ya WhatsApp, zimetafsiriwa kwa Kiswahili kizuri, lakini zimetoka kwa watu wanaoishi Ulaya na Marekani. Mashauri yao mengi yanawafaa wao. Huku kwetu baadhi yanageuka kinyume kabisa, kama yalivyomgeukia mpwa wangu, na kinyume cha njia porini kinaweza kumaliza mtu.

Kwanza tuelewane maneno. Kupata mwelekeo ni kujua kaskazini, kusini, mashariki na magharibi ziko wapi kutokea pale uliposimama. Kujua ulipo ni jambo lingine. Hata ukiwa na dira nzuri mkononi, kama hukujua tangu mwanzo kwamba barabara iko upande gani wa shamba au pori, dira haitakusaidia. Kwa hiyo kabla ya kuingia porini jiulize swali moja: kitu kirefu nisichoweza kukikosa, kama barabara ya lami, reli, mto mkubwa au bahari, kiko upande gani? Ukipotea, unakitafuta hicho. Hutafuti nyumba yako, maana nyumba ni nukta ndogo ambayo ni rahisi kuipita pembeni. Ni vigumu kuipita Reli ya Kati bila kuiona.

Pili, tunahitaji kipimo. Mwelekeo hupimwa kwa nyuzi, na mzunguko mzima ni nyuzi 360. Huna haja ya chombo. Nyoosha mkono mbele yako: ngumi yako inaziba nyuzi 10 hivi, vidole vinne vilivyobanana nyuzi 7 hivi, na shibiri, kuanzia ncha ya dole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, ni kama nyuzi 20. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walipima urefu wa nyota kwa vidole hivihivi karne nyingi zilizopita. Ngumi na shibiri tutazitumia hadi mwisho wa makala haya.

Jua halichomozi mahali pamoja

Shuleni tulifundishwa kwamba jua huchomoza mashariki na kuzama magharibi. Ni kweli, lakini kweli yenyewe ina mwanya. Jua huchomoza mashariki kamili siku mbili tu kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Machi na 22 Septemba. Siku nyingine zote huwa limesogea.

Hili unaweza kulithibitisha bila kutoka nyumbani. Kaa kwenye kiti kilekile barazani, mwezi Juni, utazame jua linatokea nyuma ya mti gani. Tuseme ni nyuma ya mwembe wa jirani. Rudi hapohapo mwezi Desemba: jua litakuwa limehama, linatokea mbali upande wa kulia, labda nyuma ya mnazi. Mwembe na mnazi ndio mipaka ya matembezi yake. Kwa nchi za jirani na ikweta, matembezi hayo ni takriban nyuzi 23 na nusu kila upande wa mashariki kamili: kushoto, yaani kaskazini, mwezi Juni, kulia, yaani kusini, mwezi Desemba. Kwa hiyo ukilichukulia jua linalochomoza kuwa ndiyo mashariki, kosa lako kubwa kabisa litakuwa shibiri moja na kidogo. Machi na Septemba halitakuwepo.

Hapa sisi tumebahatika kuliko watu wa mbali na ikweta. London, mwezi Juni, jua huchomoza karibu na kaskazini-mashariki, na Desemba hutokea karibu na kusini-mashariki. Tofauti hiyo haivumiliki kwa mtu aliyepotea. Kwetu jua linapanda wima, na asubuhi linakaa upande wa mashariki kwa saa kadhaa. Mtu anayesafiri alfajiri hadi saa tatu asubuhi, au kuanzia saa tisa alasiri hadi magharibi, ana alama nzuri mbele ya macho yake. Saa za katikati ndizo za hatari.

Kwa nini saa sita ni mtego

Ichukulie dunia kuwa chungwa, na ikweta ni mstari uliochorwa kiunoni mwake. Sisimizi aliye juu kabisa ya chungwa, upande wa kaskazini, siku zote ataiona taa iliyo usawa wa kiuno ikiwa chini yake, yaani kusini. Huyo ndiye mtu wa London au Cairo. Kwake jua la adhuhuri liko kusini kila siku ya maisha yake. Sisimizi aliye kiunoni ana taa utosini, na taa yenyewe haitulii: nusu mwaka inasogea kaskazini mwa kiuno, nusu nyingine inarudi kusini. Huyo ndiye sisi.

Mpaka wa jambo hili ni nyuzi 23.4 kaskazini na kusini mwa ikweta. Yeyote aliye kati ya mipaka hiyo huona jua likipita utosini mara mbili kwa mwaka, kisha linabadili upande. Nairobi hubadilika katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Dar es Salaam ni mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Kwetu Tandahimba, kusini zaidi, ni kama tarehe 20 Februari na 20 Oktoba. Maana yake, kwa miezi minane jua la saa sita mchana Tandahimba liko kaskazini. Mpwa wangu alipotea Julai. Alilifuata jua akidhani anaelekea kusini, na kila hatua ilimpeleka mbali zaidi na nyumbani.

Ndugu zetu walioko Muscat wanaweza kushangaa, maana wao wanaiona kanuni ile ya video ikifanya kazi. Ni sawa: Muscat iko nyuzi 23.6 kaskazini, nje kidogo tu ya mpaka. Ukitoka huko kuja likizo Tanga au Mombasa mwezi Julai, usije nayo kanuni hiyo.

Kuna jambo jingine kuhusu saa sita yenyewe. Jua halifiki kileleni saa 6:00 kamili kwa saa ya ukutani. Afrika Mashariki tunatumia saa moja kuanzia Lamu hadi Kigoma, wakati jua halijali mipaka yetu. Dar es Salaam hufika kileleni kwa wastani saa 6:23 mchana, Nairobi saa 6:33, na Kigoma hadi saa 7:00. Anayeadhini adhuhuri Kigoma analijua hili bila kuambiwa.

Kwa kuwa jua letu hupita utosini, hata ile mbinu maarufu ya saa ya mkono haitufai. Wanasema elekeza mshale wa saa kwenye jua, kisha gawanya katikati yake na namba 12, upate kusini. Mbinu hii inadai jua lizunguke upeo wa macho polepole, likitembea pembeni. Kwetu jua linapanda wima upande wa mashariki, linaruka utosini, linashuka wima upande wa magharibi. Mshale utakupa jibu, na unaweza kuliamini kwa kuwa linaonekana la kitaalamu, lakini kosa lake linaweza kuzidi robo ya duara. Iacheni kabisa.

Kijiti na kivuli

Mbinu inayofanya kazi ni ya zamani na haina gharama. Kesho yake nilimchukua mpwa wangu uwanjani, tukachomeka kipande cha mti wa muhogo chenye urefu wa mita moja hivi, wima. Tukaweka kokoto kwenye ncha ya kivuli. Tukakaa, tukanywa maji, tukasubiri dakika ishirini. Kivuli kilikuwa kimesogea karibu upana wa kiganja. Tukaweka kokoto ya pili.

Kokoto ya kwanza ni magharibi. Ya pili ni mashariki. Kwa nini? Kwa sababu jua linakwenda magharibi, na kivuli hukimbilia upande wa pili. Nikamwambia asimame, mguu wa kushoto kwenye kokoto ya kwanza na wa kulia kwenye ya pili. Alikuwa ametazama kaskazini. Akainua macho, akaliona jua lile la saa sita likiwa mbele yake. Hapo ndipo alipoelewa, akanyamaza kwa muda mrefu.

Uzuri wa kijiti ni kwamba hakiulizi uko kaskazini au kusini mwa ikweta, wala hakiulizi mwezi. Kokoto ya kwanza ni magharibi popote pale jua linapopanda na kushuka kila siku. Angalizo ni moja: mwezi Juni na Desemba, ukikifanya asubuhi sana au jioni sana, mstari utapinda hadi shibiri moja. Kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana mstari unanyooka. Na siku chache zile jua likiwa utosini kabisa, kivuli kitakuwa kifupi mno kwa dakika kadhaa. Subiri kidogo kirefuke.

Kama mawingu ni mepesi, simamisha ncha ya kisu au kijiti chembamba juu ya ukucha wa dole gumba. Kivuli hafifu kinaweza kuonekana hapo hata pale ardhini kisipoonekana. Mawingu yakiwa mazito, kaa chini ya mti usubiri. Anayetulia mahali pamoja huwa rahisi zaidi kupatikana na wanaomtafuta.

Msikiti ni dira ya mawe

Makka iko longitudo 39.8 mashariki. Mombasa iko 39.7, Dar es Salaam 39.3, Mtwara 40.2. Ziangalie namba hizo vizuri: pwani yetu na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja wa kwenda kaskazini. Ndiyo maana kibla ya pwani yote ya Waswahili ni kaskazini. Dar es Salaam tofauti na kaskazini kamili ni kama uzi mmoja tu.

Kwa hiyo ukiingia mji usioujua pwani, tafuta msikiti, uzunguke kwa nje. Ukuta wenye kile kijisehemu kilichotokeza, mahali pa mihrabu anapokaa imamu, ndio wa kaskazini. Ni hivyo hata kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani na Gede, ambayo paa zake nyingi zilianguka zamani lakini mihrabu bado inaonyesha njia. Makaburi ya Waislamu nayo husaidia: maiti hulazwa kwa ubavu wa kulia akielekea kibla, hivyo pwani kaburi hukaa kwa urefu wa mashariki na magharibi.

Ukienda bara, kibla inasogea kidogo upande wa mashariki. Nairobi na Dodoma ni nyuzi 7 au 8, pungufu ya ngumi. Mwanza na Kampala ni ngumi moja na nusu au zaidi. Kigoma na Bujumbura ni shibiri nzima. Na Muscat kibla ni magharibi, kwa hiyo kanuni hii nayo ina nchi yake, ni yetu sisi.

Usiku

Video zinasema tafuta Nyota ya Kaskazini. Nyota hiyo inasimama juu ya upeo wa macho kwa nyuzi zilezile za latitudo yako. Muscat iko juu kwa shibiri na kidogo, safi kabisa. Lodwar ni nyuzi 3, imezama kwenye vumbi na ukungu wa upeo. Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam haionekani kamwe, maana iko chini ya ardhi. Ukiona nyota inayong'aa upande wa kaskazini ukiwa Morogoro, ni nyota nyingine.

Tuliyo nayo sisi ni zile nyota tatu zilizojipanga mstari mfupi ulionyooka, karibu sawa kwa mwangaza, ambazo kila mtoto wa kijijini amewahi kuzihesabu. Zinakaa karibu kabisa na ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta yetu. Popote duniani, zinapochomoza ni mashariki kamili na zinapozama ni magharibi kamili, na aliye Afrika Mashariki huziona zikipita utosini. Desemba huchomoza wakati jua linazama. Katikati ya Februari ziko utosini karibu saa mbili usiku. Aprili jioni tayari ziko upande wa magharibi. Kati ya hizo tatu, inayotangulia kuchomoza ndiyo iliyo karibu zaidi na ikweta ya anga.

Kuanzia Aprili hadi Julai, geukia kusini utafute Msalaba wa Kusini: nyota nne zenye umbo la tiara ya mtoto, ndogo, kiasi kwamba urefu wake unazibwa na vidole vinne. Pembeni yake, kushoto msalaba ukiwa wima, kuna nyota mbili zinazong'aa sana zinazouelekea. Bila hizo mbili umepata msalaba wa uongo, mkubwa zaidi na hafifu zaidi, ulio jirani. Katikati ya Mei, kama saa tatu usiku, msalaba unasimama wima. Hapo shusha mstari kutoka mguu wake hadi ardhini. Panapogusa ndipo kusini. Ukiwa umelala upande, refusha mti wake mrefu mara nne na nusu kuelekea mguuni. Utafika pointi iliyo juu ya kusini, na kwa aliye Dar es Salaam pointi hiyo iko vidole vinne tu kutoka kwenye upeo. Oktoba na Novemba jioni msalaba hauonekani. Usiupoteze usiku kuutafuta.

Mwezi mwandamo hauhitaji somo. Waliowahi kuusubiri wa Ramadhani au wa Idi wanajua kwamba huangaliwa magharibi baada ya jua kuzama. Wapo wanaosema unganisha pembe mbili za mwezi mwembamba ushushe mstari hadi kusini. Kwetu mwezi mwembamba hulala kama dau, pembe zote zimetazama juu. Mstari wake hauelekei popote.

Upepo, vichuguu na maji ya Nanyuki

Lugha yetu yenyewe ilipata majina ya kaskazini na kusini kutoka kwenye pepo. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, kusi takriban Mei hadi Septemba, na katikati yake ni tanga mbili, ambapo upepo hauaminiki. Lakini jina lisikudanganye: kaskazi hutoka zaidi kaskazini-mashariki, na kusi hutoka kusini-mashariki. Baharini ni alama nzuri. Bara, milima na mabonde huugeuza upepo upande wowote. Mnazi ulioinama si ushahidi, kwani mara nyingi umefuata mwanga tu.

Wanaosema vichuguu huinamia kaskazini hawakubuni. Aina fulani ya mchwa huko Namibia hujenga hivyo, kwa kuwa jua lao liko kaskazini karibu mwaka mzima. Letu linahama. Ule ukijani laini unaoota kwenye magome ya miti hufuata unyevu na kivuli, na chini ya mwembe mnene huzunguka shina lote. Na yale maonyesho ya Nanyuki, mji wa Kenya ulio kwenye ikweta, ambapo maji kwenye beseni yanazunguka huku na kule kwa kutofautisha pande mbili za ikweta, hutegemea jinsi maji yalivyomiminwa. Mzunguko wa dunia ni dhaifu mno kuweza kulitawala beseni.

Mwisho kuhusu simu, kwa sababu naulizwa sana: kutokuwa na bando hakuifanyi simu isijue ilipo. Inapokea ishara za setilaiti bila intaneti. Kinachokosekana ni picha ya ramani, na ramani inaweza kupakuliwa kabla ya safari. Mshale wa dira ndio wenye matatizo zaidi, kwani simu nyingi za bei nafuu hazina kifaa cha kuhisi sumaku.

Kila mwaka kuna siku mbili ambazo jua husimama wima juu ya Kaaba: karibu na tarehe 28 Mei saa 6:18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai saa 6:27 mchana. Saa za Makka ni sawa na zetu, na wakati huo anayelielekea jua ameielekea Makka. Mpwa wangu alikuwa bado yupo. Tulisimamisha mchi wa kutwangia wima barazani, yeye akishika kipande cha mkaa, mimi nikitazama saa. Ilipofika 6:27 akachora mstari juu ya sakafu ya simenti, kutoka ncha ya kivuli hadi kwenye mchi, akaweka mshale upande wa jua. Mvua za masika zimeufuta mara mbili. Kila ukifutika, ananipigia simu Julai kunikumbusha nichore tena.